Dirishani: Ada 1,300,000, mkopo umekuja na 390,000

Miaka 19 nilikaa nyuma ya dirisha la uhasibu la chuo kimoja, kioo chenye kitundu mbele yangu, na upande wa pili wa kitundu foleni ya wanafunzi isiyoisha. Nimestaafu, niko Morogoro na kuku wangu, na foleni sasa inanifuata kwa barua. Za safari hii karibu zote ni za jambo moja: majina ya waliopata mkopo wa chuo yametoka, na watu hawalali.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 20, natokea kijijini wilaya ya Newala. Nimechaguliwa kusomea ualimu wa sayansi kwenye chuo kimoja Dodoma. Nilipofungua akaunti yangu ya mkopo nilikuwa kwenye kibanda cha steshenari mjini, nyuma yangu wenzangu wanne wanasubiri zamu. Chakula na malazi nimepata yote, 10,000 kwa siku. Vitabu na viandikia 200,000. Ada wameweka 390,000. Ada ya chuo ni 1,300,000 na michango mingine, bima ya afya ikiwemo, inafika 170,000. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, baba yake ana duka, ada amepewa yote. Nilifunga ukurasa haraka nikawaambia wenzangu mtandao unasumbua.*

*Baba alifariki 2019. Kwenye fomu nilisema amefariki na nikaambatisha kibali cha mazishi, maana nyumbani ndiyo karatasi pekee tuliyonayo. Mama analima korosho. Aliposikia habari hii akasema yupo mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kijijini nje ya mnada, atachukua magunia matano, kilo 400, kwa 1,200 kilo, pesa mkononi. Mjomba yuko Dar es Salaam, aliahidi kusimama na mimi, lakini tangu nimtajie milioni moja na laki tatu simu yake inaita tu. Chuo kinafungua baada ya wiki mbili. Nafikiria nisiende kabisa, nibaki na mama, mwakani niombe upya. Nisaidie mama.*

*Wa asilimia 30, Newala*

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mtandao unasumbua imenifanya nicheke peke yangu mpaka kuku wakashtuka. Mtandao wa nchi hii haujawahi kusumbua watu kama unavyowasumbua siku ya majina ya mkopo. Nakuelewa. Aibu ile inaingia kabla hata hujapiga hesabu.

Mtoto wa mwenye duka mwache. Hujui alichoambatisha wala hujui nani anaumwa kwao, na hata ukijua, ada yako haiongezeki shilingi. Bodi ya Mikopo haikuoni wewe, haioni nyumba ya mama yako wala mikorosho yenu. Inaona fomu. Na fomu yako ina tundu kubwa, tena umenionyesha mwenyewe bila kujua.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kibali kinasema mtu huyu azikwe. Cheti cha kifo kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kina namba, na namba hiyo inahakikiwa. Wewe umeandika kwamba baba hayupo, lakini karatasi uliyoweka haina cha kuhakikiwa, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kwenye hesabu zao baba yako bado yu hai na anatafuta riziki. Haya niliyasikia dirishani mwaka hadi mwaka, na karibu kila mara ni watoto wa vijijini, kwa sababu kijijini mtu akifa watu huchimba kaburi, hawakimbilii wilayani kutafuta cheti.

Kwa hiyo kesho, si keshokutwa, wewe na mama mwende ofisi ya mtendaji wa kijiji mkachukue barua, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndipo anapokaa msajili wa RITA. Mbebe kile kibali cha 2019, na kama baba alifia hospitali, mbebe karatasi mliyopewa kule. Semeni mnataka kusajili kifo kilichochelewa kusajiliwa. Mtaambiwa mrudi, na mtarudi. Cheti kikitoka, kihakikiwe kwenye mtandao wa RITA, ukitunze na nakala yake. Bodi ikishamaliza kutoa awamu zake hufungua dirisha la rufaa. Tarehe huitangaza yenyewe na siku huwa chache, ndiyo maana nakuambia karatasi iwe tayari kabla ya tangazo. Walioanza kuhangaika na cheti siku dirisha linafunguliwa niliwaona wakija na machozi siku limefungwa.

Kwenye rufaa usiandike kwamba maisha ni magumu. Kila mtu ameandika hivyo. Andika: baba alifariki mwaka 2019, cheti namba fulani, awali niliambatisha kibali cha mazishi kwa kutojua. Basi.

Lakini rufaa inaweza kugonga mwamba, kwa hiyo tupige hesabu kana kwamba haipo. Chukua kalamu.

Ada 1,300,000 toa 390,000, inabaki 910,000. Ongeza ile michango 170,000. Pengo lako la mwaka mzima ni 1,080,000. Mjomba umemtajia milioni moja na laki tatu, yaani umemtwisha hata sehemu ambayo imeshalipwa! Ningekuwa mimi na mimi nisingepokea simu.

Sasa bumu. Elfu kumi kwa siku, ikija kwa mafungu ya siku 60, ni 600,000 kila fungu, na kwa mwaka unatarajia mafungu manne. Hiyo ni pesa ya kula na kulala na si ya ada, na sitaki usome kwa njaa. Nimewahi kumwona msichana anaanguka kwenye foleni yangu saa nne asubuhi, tukadhani malaria, kumbe ana siku mbili anakunywa chai ya rangi. Ila nimeona pia bumu linavyoondoka. Siku linapoingia chuo kizima kinanukia kuku wa kukaanga, simu mpya zinatoka mifukoni, na wiki ya tano wale wale wanakuja kuniuliza kama chuo kinakopesha. Mkiwa watatu chumba kimoja, mkachangia mtungi mdogo wa gesi, mkanunua unga, maharage na dagaa kwa jumla, mtu anaishi bila kudhalilika na bado anatenga 150,000 kila fungu. Itenge siku ile ile, saa ile ile, iende kwenye namba ya malipo ya ada kabla hujapita kwa mama ntilie. Ukisema utaitoa mwishoni mwa mwezi, haitakuwepo.

Mafungu manne ni 600,000. Toa kwenye 1,080,000, unabaki na 480,000 kwa mwaka. Kwa muhula ni 240,000.

Hiyo ndiyo namba ya kumtajia mjomba. Na usimpigie, maana ameshajua mlio wa shida yako. Mwandikie ujumbe: "Mjomba shikamoo. Nimepiga hesabu, bumu nitalibana, rufaa nafuatilia. Nimebakiza 240,000 ya muhula huu. Naomba uninyanyue kwa nusu, 120,000, ukiweza kwa mafungu mawili." Kwenu kusini najua mjomba si mtu wa pembeni, mpwa ni wake na aibu ya mpwa ni yake. Hakukukimbia wewe, alikimbia milioni.

Kangomba hapana. Mwambie mama nimesema hapana, na kama ananizidi umri mwambie kwa heshima. Magunia matano kwa 1,200 ni 480,000. Umeona hiyo namba? Ndiyo pengo la mwaka mzima, kwa hiyo kwa macho inavutia, tunamaliza tunalala. Lakini mama anajua kuliko mimi kwamba korosho hiyo hiyo ikipita AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikaingia mnadani, kwa bei za misimu mizuri ingezaa mara mbili ya hapo na zaidi, hata baada ya makato. Tena kangomba ni biashara iliyopigwa marufuku, akikamatwa na mzigo hasara ni yenu wote. Minada huanza Oktoba, malipo yanaingia benki baada ya mnada. Chuo nacho kinafungua mnada ukiwa umeanza. Mnachokosa nyumbani kwenu ni wiki chache tu, na wiki chache haziuzwi kwa nusu bei.

Wiki hizo zinaombwa chuoni, kwa barua. Vyuo vingi hupokea ada kwa mafungu, na pale ambapo fungu la kwanza ni kubwa mno kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema leta kiasi hiki kwanza. Mtu huyo hampati mwanafunzi aliyejificha. Fika siku ya kwanza ya usajili na barua moja ya ukurasa mmoja. Isomeke hivi: mimi fulani, mkopo wangu wa ada ni 390,000, ninadaiwa kiasi hiki, leo ninalipa 100,000, mzazi wangu ni mkulima wa korosho na malipo ya mnada yanatarajiwa mwezi fulani, naomba nisajiliwe na nimalizie muhula huu kabla ya mitihani. Ambatisha stakabadhi ya mama ya ghalani ikiwa ipo. Ulizia dawati la mikopo la chuo, afisa mikopo apate nakala. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na uitunze kama kitambulisho.

Hapa nikiri jambo. Mwaka mmoja alikuja kijana na barua ya namna hiyo, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mwembe, nikamjibu bila kuinua kichwa, "hilo si la dirisha hili." Sikumwambia ni la dirisha gani. Hakurudi. Wiki ya mitihani nikaliona jina lake kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Kwa hiyo ukijibiwa kama nilivyojibu mimi, usiondoke. Uliza, "ni la dirisha gani, mama?" Simama hapo hapo mpaka utajiwe chumba na jina.

Na hili la kubaki nyumbani mwaka mzima? Mwakani utaomba na washindani wapya, na cheti kile kile ambacho unaweza kukipata mwezi huu. Nafasi ya chuo nayo haikusubiri kwa sababu tu una huzuni. Kuahirisha masomo kupo, lakini kunafanywa rasmi, kwa maandishi, na mtu aliyekwisha kufika chuoni. Kutotokea ni jambo jingine kabisa. Nenda Dodoma. Beba blanketi, usidanganyike na jua la mchana.

*

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida. Binti yangu amepata nafasi ya uuguzi chuo binafsi, ada inazidi milioni tatu. Mkopo amekosa kabisa. Siku tatu hatoki chumbani na mama yake ananiambia mshahara wangu ndio umemponza. Nina wengine wawili wanaomfuata. Kuna ofisi mtaani wanatoa mkopo siku hiyo hiyo, wanashika kadi ya benki tu.*

*Mwalimu, Singida*

Salama kaka, pole na chumba kilichofungwa.

Hao wanaoshika kadi ndio tunaowaita kausha damu, na jina hawakupewa kwa bahati mbaya. Chukua mfano wa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Miezi mitano umelipa riba 500,000 na deni lenyewe bado liko mezani. Kadi yako wanayo wao, mshahara wanauona kabla yako. Wewe ni mtumishi: kama lazima ukope, ukope SACCOS yako au benki unakopitishia mshahara, kwa makato unayoyajua mwanzo hadi mwisho, na baada ya kuhakikisha theluthi ya mshahara wako inabaki. Kwa ada ya milioni tatu mara miaka minne, hata hapo naona hatari.

Ningefanya hivi. Leo jioni mwite binti mezani na uweke hati ya mshahara mbele yake. Yote, na makato. Watoto wa watumishi wengi wanajua baba ana mshahara, hawajui kinachobaki. Mimi binti yangu nilimwonyesha ya kwangu akiwa kidato cha sita, akaisoma mara mbili, akaniuliza, "mama, hii ni ya wiki?" Toka siku ile tukazungumza kama watu wazima. Usimwambie hatasoma. Mwambie kiasi unachoweza kwa mwaka, kwa tarakimu, halafu mtafute pamoja chuo kinachoingia humo. Vyuo vya umma vya fani hiyo hiyo ada yake huwa chini sana, na ngazi ya diploma ya uuguzi si jela, wauguzi wazuri wengi walianzia hapo wakajiendeleza wakiwa kazini. Kama dirisha la kuomba chuo au kuhama bado liko wazi, mlitumie kabla ya kulipa hata shilingi kwenye hicho cha milioni tatu.

Rufaa ikate pia, na ueleze wale wawili wanaokutegemea kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Akishindwa mwaka huu, anaweza kuomba tena mwakani akiwa mwaka wa pili. Kukosa mara moja hakufungi mlango.

Mama yake naye umwonyeshe hiyo hati. Inawezekana hajaiona muda mrefu.

Na neno moja kwa binti, kama atasoma hapa. Waliopata mkopo wamepata deni. Wakiajiriwa wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni iliondolewa 2021, wengi wakashukuru Mungu, lakini deni lenyewe lipo pale pale. Sisemi hivi ili ufurahi kukosa. Nasema usiwaonee wivu kana kwamba wamepewa zawadi.

*

*Mambo bi mkubwa! Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp anasema ana mtu ndani. Unampa 150,000 na nywila ya akaunti yako ya mkopo, rufaa inapita mia kwa mia. Ametuma picha za waliofanikiwa. Nitume?*

*Mjanja, Mbagala*

Poa, japo nina wajukuu wa umri wako na shikamoo haijawahi kumvunja mtu mguu.

Usitume. Nikufundishe biashara yake, ni rahisi mno. Anachukua 150,000 kwa watu 50. Hafanyi kitu chochote. Rufaa zikitoka, wapo watakaopita kwa karatasi zao wenyewe. Hao watamshukuru, watamtumia picha, na ndizo picha ulizoonyeshwa. Waliokosa anawaambia wasubiri awamu nyingine, kisha anabadilisha laini.

Hiyo 150,000 ndiyo sehemu ndogo. Nywila ndiyo kubwa. Mwenye nywila yako anaweza kuingia akabadilisha namba ya simu na akaunti ya benki, na bumu lako likaanza kwenda Mbagala nyingine usiyoijua. Jina la hiyo barua yako, Mjanja, limenitia wasiwasi kwamba umeshatuma. Kama ndivyo, weka gazeti chini sasa hivi, badilisha nywila, hakiki namba ya akaunti ya benki iliyoandikwa mle, kisha nenda dawati la mikopo chuoni kwako ukawaambie ulichofanya. Watakusema kidogo. Vumilia.